Shuka Lenye Safu Moja Nyeupe

Siku ya tatu ya msiba wa Madame Leokadia, binti yake alitoka chumbani na shuka lililokunjwa mara nane, akaliweka mapajani mwangu kama mtu anayekukabidhi mtoto aliyelala. "Mama alisema Vestine akikuya apewe hii," alisema. "Mi sijui ni ya nini. Tulikuwa tunafikiri ni couture, kazi ya kushona yenye hakumaliza." Sebule ya ile nyumba ya Rugerero ilikuwa imejaa wanawake kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya maziwa, na sikutaka kulikunjua mbele yao. Nilipenyeza vidole tu chini ya kunjo la kwanza, nikagusa vile vipande, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mshono wake mdogo, na vidole vyangu vikakumbuka kuchomwa sindano. Zawadi alikuwa amekaa kushoto kwangu. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, bado ananukia sabuni ya kituo cha afya. Akaniinamia sikioni. "Ni ile?" "Ndiyo yenyewe." Akashika mkono wangu. "Usiifungue kwanza. Watu wapungue."

Basi nikakaa nimelipakata, chai ikapoa, na mwaka wa tisini na tisa ukaja wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa nne wa sekondari, katika shule iliyokuwa mlimani juu ya mji, ambako ukisimama kwenye mlango wa bwalo unaona ziwa lote mpaka Goma. Tulivyotoka Karagwe, Tanzania, na nani tulikuja naye, hayo sitayaeleza hapa. Shuleni hatukuulizana habari za nyumbani. Ilikuwa adabu ya miaka ile ya baada ya vita. Nilikuwa mwenye haya kiasi kwamba mwalimu akitaja jina langu nilisikia masikio yanapata moto. Sikuongea, niliandika. Nilikuwa na daftari la jalada la bluu ambamo niliandika kila kitu: tulichokula (mahindi ya kuchemsha na maharagwe, Jumapili mchicha), nani aligombana na nani bombani, nani alilia bafuni. Nilidhani kuandika kimya kimya hakumdhuru mtu.

Wasichana wa bweni tulilala wawili wawili kwa sababu vitanda havikutosha, na mwenzangu alikuwa Zawadi wa Nyamyumba, binti wa muuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani. Kichwa chake kilikuwa kwenye miguu yangu na miguu yake kwenye kichwa changu. Tulijifunika kitenge kimoja cha mama yake, cha ndege wa manjano, kila mtu na upande wake. "We mutu wa Tanzania," aliniambia wiki ya kwanza, "unaongea kama redio. Mi nangojea tu useme habari za hali ya hewa." Nilipocheka alishangaa. "Kumbe iko na meno!" Baada ya hapo aliniongelea yeye, mchana kutwa, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, nami nikamwachia. Usingizini alipiga mateke. Nilikitamani kitanda changu peke yangu kuliko nilivyowahi kutamani nguo au chakula. Naliweka wazi hilo mapema kwa sababu lina sehemu yake katika habari hii.

Saa za michezo nilikimbilia maktaba. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande wa ziwa, rafu saba, meza mbili, na kwenye kona cherehani ya Madame Leokadia. Alikuwa fundi wa nguo kabla hajawa mkutubi, na hakuona kwamba amebadilisha kazi, vitabu alivishona. Kilichoachia alikitoboa kwa msumari mwembamba, akakipitisha uzi, kisha akapaka gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo kwenye jiko dogo la makaa. Harufu ya ile gundi ilikuwa ya uji. Kuna siku nilikuwa na njaa, nikalamba mwiko. Madame aliniona, akageuza uso dirishani mpaka nilipomaliza, na kuanzia kesho yake kulikuwa na kikombe cha uji wa kweli kando ya sufuria ya gundi. Hatukukizungumzia hata siku moja.

Sehemu yangu ilikuwa sakafuni nyuma ya rafu ya Afya. Hapo ndipo niliposikia, siku moja baada ya Pasaka, Prefe wa masomo, msimamizi wa shule, akiingia. Alikuwa mtu mrefu aliyerudi kutoka Uganda, mpole, mwenye haraka. "Madamu," alisema, "wasichana wanalala wawili wawili. Na mimi nina chumba kikubwa kimejaa karatasi."

"Si karatasi, Prefe. Ni mabuku."

"Yanayosomwa ni mabuku. Yasiyosomwa ni karatasi. Kamati ya wazazi inakuja mwisho wa muhula. Nionyeshe yanayosomwa, yabaki. Mengine yatoke, niweke vitanda."

"Nitakuletea chiffres."

"Usiniletee hesabu. Mimi nasoma hesabu kutwa, za maharagwe, za kuni. Nataka kuona. Kwa macho."

Alipotoka, Madame akasema bila kugeuka, "Vestine, toka huko nyuma. Leta ile fuko ya vipande." Fuko lilikuwa gunia dogo la mabaki ya vitenge aliyoyakusanya miaka yote. Akavuta kabatini shuka jeupe la shule, akalitandaza juu ya meza mbili. "Tunashona hesabu," alisema. Kila rafu ingepata safu yake kuanzia pindo la chini kwenda juu. Kila kitabu kilichoazimwa tangu Januari, kipande kimoja cha ukubwa wa kidole gumba, kimeshonwa juu ya mwenzake. Sayansi vipande vya bluu, Historia vyekundu, Jiografia kijani, na kadhalika. Mimi nilisoma daftari la kuazima, yeye alikata, sote tulishona. Kwa wiki mbili nilirudi bwenini na vidole vyenye damu na furaha ambayo sikujua niiandikeje.

Madame alilitundika shuka kwenye ukumbi wa madarasa hata kabla halijaisha, na hapo kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Wavulana wa kutwa, ambao walikuwa hawajui hata mlango wa maktaba ulipo, walianza kusimama mbele yake kama watu wanaoangalia matokeo ya mpira. "Sayansi iko mbele!" "Ngoja, Historia inakuya!" Mmoja aliazima vitabu vitatu vya Jiografia kwa siku moja ili tu safu ya kijani ipande, akavirudisha jioni ileile. Madame alimkatalia vipande. "Umevibeba, hukuvisoma. Mi nashona masomo, sishoni mazoezi ya mikono." Yule mvulana akavichukua tena, akakaa navyo wiki, na siku ya kurudisha akaulizwa maswali mlangoni. Alijibu mawili. Akapewa vipande viwili.

Lakini safu ya Afya ilibaki nyeupe kuanzia pindoni mpaka juu. "Afya, bure kabisa? Hakuna hata moja?" Madame aliniuliza. "Bure, Madame," nikasema, uso ukiwa ndani ya daftari la kuazima. Daftari halikudanganya. Aliyedanganya ni mimi.

Nilijua, kwa sababu nilikuwa nakaa nyuma ya ile rafu. Wasichana walikuja wakati wa michezo, mmoja mmoja, wakasoma wamesimama, mgongo umeelekea mlango, na wakisikia hatua tu walikirudisha kitabu mahali pake. Kuazima kulikuwa hakuwezekani. Kitabu chenye picha ya tumbo la mwanamke, jina lako limeandikwa mbele yake kwenye daftari ambalo kila mtu anasaini: kabla ya chakula cha jioni shule nzima ingekuwa imeshakupa mimba, na baba wa mimba. Hata mimi nilisoma hivyo hivyo, tena nikiwa nimekaa. Na kwa tabia yangu nilikuwa nimeyaandika yote katika daftari langu la bluu, majina, siku na kurasa. Aliyerudi mara nyingi kuliko wote alikuwa Zawadi. "Z., Jumanne, ukurasa wa damu." "Z., Ijumaa, ukurasa wa damu tena."

Sababu yake alinipa mwenyewe tukiwa tunafua. Alikuwa anasugua sketi, hakuniangalia. "Mama iko na mimba. Atazaa wakati wa vacances, shule ikifungwa. Yule wa kabla ya hii alimuzaa nyumbani, njo damu ikakataa kusimama. Mama alibaki, mutoto hakubaki. Mi nilikuwa pale, nilikuwa nashika taa tu. Sitaki tena kushika taa tu." Akakamua sketi kwa nguvu. "Na wewe usimwambie mutu. Hata mama. Atasema nani amenifundisha mambo ya wakubwa." Kwa hiyo nilijua pia rafu ile ilikuwa ya nini. Na bado nilisema bure, Madame. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Haya ilikuwepo, ndiyo. Lakini kulikuwa pia na kile kitanda. Rafu moja ikitoka, nilipiga hesabu, vitanda vinne vinaingia.

Kamati ilikuja Jumamosi. Shuka lilitundikwa ndani ya maktaba, jua la ziwani likalipiga, na kweli lilikuwa zuri kama bendera ya nchi isiyo na vita. Wazazi walikuwa watano, na mmoja wao Mama Zawadi mwenyewe, amepanda kwa miguu kutoka Nyamyumba na tumbo lake la miezi minane, amekaa mbele kabisa akijipepea na kiatu. Zawadi alikuwa amepewa kazi ya kumimina chai. Mimi nilikaa pembeni kushika daftari la kuazima. Prefe alisimama mbele ya shuka muda mrefu, mikono nyuma. "Hii naielewa," alisema. "Hii haihitaji hotuba." Akaweka kiganja kwenye ile nyeupe. "Hapa ni nini?"

"Afya," Madame akasema.

"Basi vitanda vitaanzia hapo. Vitabu hivyo viende stoo ya jikoni."

Kila mtu alijua stoo ya jikoni maana yake nini. Karatasi iliyoingia kule ilitoka kama moshi. Mama Zawadi akacheka. "Yoo, Prefe, msichome! Muniletee mi. Ile karatasi iko nguvu, nafungia sambaza mwaka muzima." Watu wakacheka naye. Nilimwangalia Zawadi. Alikuwa anamimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa, chai inateremka mezani, na macho yake yako kwa mama yake.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kwamba nilikuwa kwenye rafu na nikachomoa vitabu vitatu, nikavileta mezani. Daftari la bluu lilikuwa chini ya sweta yangu, nililiingiza kila asubuhi, na pembe yake ilinichoma mbavuni. Mle ndani kulikuwa na ushahidi wote ambao Prefe angeutaka: nani, lini, ukurasa gani. Ilikuwa ni kulitoa tu. Badala yake nilisimamisha kitabu cha kwanza kwa mgongo wake, nikakiachia. Kilifunguka chenyewe. Nikasimamisha cha pili, kikafunguka. Cha tatu pia. Nikavifunga, nikavigeuza ili watu waone ukingo wa kurasa: weupe juu, weupe chini, na katikati mstari mweusi wa vidole, mweusi wa kung'aa, kama mpini wa jembe la zamani.

"Vinafunguka hapo vyenyewe," nilisema. Lilikuwa ni jambo la kwanza kulisema mbele ya watu wazima tangu nifike shule ile.

Prefe akafungua palipokuwa peusi, akaona picha, akafunga haraka. Wale mama wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Nani anavisoma?"

"Mimi."

"Vyote?"

"Vyote."

"Peke yako? Hukuandikisha kwa nini?"

"Niliogopa wangesema nina mimba."

Nilingoja mtu mwingine aseme neno. Nitasema ukweli, nilingoja Zawadi. Alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili. Aliyesema ni mama yake. Alikuwa ameacha kujipepea. Alimtazama Madame, akanitazama mimi, akaweka mkono juu ya tumbo. "We mutoto," akasema taratibu, "pale peusi, iko inasema nini?"

Kitabu kilikuwa cha Kifaransa. Nilikifungua, nikaanza kumgeuzia kwa Kiswahili changu cha redio, neno kwa neno: kwamba mtoto akishatoka usikilize tumbo kwa mkono, liwe gumu kama chungwa, likiwa laini na damu inakuja, lisuguliwe, mtoto awekwe kwenye titi la mama mara moja, na watu wasikae kungojea, wamtafutie njia ya hospitali wakati huohuo. Niliposita, Madame alinipa neno. Nilipomaliza ukurasa Mama Zawadi alisema, "Rudilia pale pa kusugua," nikarudia. Zawadi alikuwa amesogea na birika lake mpaka nyuma ya kiti cha mama yake.

"Bon," akasema Mama Zawadi. "Hii isifunge samaki."

Prefe alikubali, kwa namna yake. Nusu ya chumba ilichukuliwa, vitanda sita vikaingia, lakini hakuna kitabu kilichotoka. Rafu ya Afya ikageuzwa kuwa ukuta kati ya wanaolala na wanaosoma. Mimi sikupata kitanda. Nilichopata ni mimba: muhula mzima uliofuata wavulana waliniita Mama Afya na kuniuliza mtoto atazaliwa lini. Niliporudi bwenini siku ile nilingoja Zawadi aseme chochote, hata ujinga, na yeye, aliyekuwa hawezi kunyamaza, akanyamaza. Siku tatu. Nilirarua kurasa zote zenye majina, nikazitia kwenye jiko la Madame, chini ya sufuria ya gundi. Aliniona. Hakuuliza ni za nini. Alisema tu, "Mi pia nilikosa. Nilitaka majina kwanza, njo nione kazi." Kisha akachukua mkebe wa maziwa ya unga, akaujaza vipande vyeupe vyenye maua, akauweka wazi juu ya rafu ya Afya, na kando yake mwingine mtupu wenye tundu kwenye kifuniko. Ukisoma, unahamisha kipande. Hakuna jina. Hata nguo yako unaweza kukata ukitaka.

Siku ya nne, asubuhi, nilipokuwa natandika kitanda, niliona kitenge chetu kimekatwa. Pembeni, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ndege mmoja wa manjano hana kichwa. Mchana nikamwona Madame anashona kile kichwa chini kabisa ya ile safu nyeupe. Siku hiyo bwaloni Zawadi alinimegea nusu ya sambaza alizoletewa na akaniambia, "Kula, Redio." Nilidhani nimeelewa. Miaka yote hii nimeamini kwamba kile kipande kilikuwa ungamo lake, kwamba alisema "na mi" kwa mkasi kwa sababu mdomo ulikataa. Nimempendea hilo kuliko mambo mengi.

Mama yake alijifungua wakati wa likizo, Nyamyumba, siku ambayo hakukuwa na gari la kushuka mjini. Zawadi hakushika taa. Taa ilishikwa na jirani, mikono ya Zawadi ilikuwa kwenye tumbo la mama. Yule mtoto ndiye aliyetuleta msibani siku hiyo kwenye gari lake, kijana wa ndevu, anayelalamika kwamba sisi wawili tunaongea sana.

Jioni watu walipungua. Tukalitandaza shuka juu ya kitanda cha Madame, binti yake upande mmoja, sisi upande wa pili. Safu za Sayansi na Historia zilikuwa palepale tulipoziacha. Lakini Afya ilikuwa imepanda mpaka pindo la juu, halafu Madame alikuwa ameunga kitambaa kingine, na juu yake kingine, kwa nyuzi za rangi tofauti za miaka tofauti: maua, nukta, sare ya shule, pindo la gauni la mtu. Rafu ile ilisomwa miaka mingapi baada yetu sijui. Nilishuka na kidole mpaka chini kabisa. Alikuwepo, kichwa cha ndege wa manjano, amepauka.

"Wako huyu hapa," nikamwambia Zawadi.

Aliinama, akavaa miwani, akamtazama kwa muda. Halafu akaanza kucheka kile kicheko chake cha bwenini, cha mabega. "Vestine. Nikuambie kitu? Hutakasirika?"

"Sema."

"Nilikata upande wako."

"Upande wangu?"

"Kile kitenge. Nilifikiri, Prefe akija kuuliza hii imetoka wapi, wataona ni upande wa Vestine. Na Vestine ameshasema ni yeye." Kicheko kikaisha, akavua miwani, akaifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Nimekuwa mkunga miaka ishirini. Upande wangu haujawahi kuingia hapa."

Nilimtazama yule ndege, si yeye. Haya yangu haijawahi kuniacha kabisa. Binti wa Madame alikuwa anatuangalia mmoja baada ya mwingine. Zawadi akachukua pindo la kitenge alichokuwa amejifunga juu ya nguo za kazi, kipya, cha kwenda msibani, akatafuta mahali penye rangi nzuri, si pembeni palipojificha bali hapa mbele, kwenye paja, ambapo kila mtu angeona tundu.

"Mkasi wa mama yako uko wapi?" akamuuliza binti. "Na sindano."